Mwani Usafishao Maji Machafu

Maji yakiachwa juani siku nyingi katika pipa, hugeuka rangi yakawa ya kijani. Rangi hiyo si takataka. Ni mimea isiyohesabika, iitwayo mwani, na kila mmoja ni mdogo hata hauonekani ila kwa hadubini. Hauna mizizi wala majani, lakini hufanya kazi ile ile ya mhindi shambani: huishi kwa nuru ya jua na hewa ya ukaa, nao hutaka mbolea.

Mbolea hiyo imo tele katika maji machafu yatokayo vyooni na jikoni, maana yana chumvi za naitrojeni na fosforasi. Chumvi hizo zikiingia ziwani ni msiba. Mwani huzaliana upesi, kisha hufa na kuoza, na kuoza kwake huimaliza oksijeni ya majini, samaki wakafa. Watu wa Kisumu waijua vema habari hii, kwani maji ya Ghuba ya Winam hugeuka kijani mara kwa mara.

Basi wataalamu waliona ni heri mwani uile mbolea hiyo kabla maji hayajafika ziwani. Huko California, Marekani, Profesa William Oswald na wenzake walianza katika miaka ya 1950 kujaribu mabwawa ya namna ya pekee. Kina chake ni kifupi, hakifiki magotini, ili jua lipenye hata chini. Na siku hizi gurudumu lenye makafi huyazungusha maji polepole yasitulie. Humo mna ushirika wa ajabu. Mwani hutoa oksijeni. Bakteria huitumia kuozesha uchafu, na kutoa hewa ya ukaa, ambayo mwani huila tena. Mtu angedhani mwenye bwawa hana kazi, lakini taabu yake ndiyo kwanza yaanza, yaani kuvuna. Mara nyingi lita 1,000 za maji hazitoi hata kilo moja ya mwani mkavu. Ukichujwa kwa kitambaa hupenya, na kuukausha kwataka moto mwingi.

Mwani wa namna nyingine una mafuta ndani yake. Tangu mwaka 1978 hata 1996 Serikali ya Marekani iligharimia uchunguzi wa kuyafanya mafuta ya magari. Yalipatikana, lakini gharama yake ilizidi mno bei ya mafuta yachimbwayo ardhini, kazi ikafungwa.

Katika mji wa Chiclana de la Frontera, kusini mwa Hispania, njia nyingine ilishikwa kuanzia mwaka 2011. Mwani haukukaushwa wala kukamuliwa. Ulitiwa, ungali na maji yake, katika tangi lililozibwa hewa isiingie, ukaoza, ukatoa methani, gesi iwakayo moto. Gesi ikasafishwa, na magari yakaendeshwa kwayo. Hayo yalikuwa magari machache tu. Lakini chakula cha mwani ule kilikuwa maji machafu ya mji wenyewe.