Mpiga Ngoma Aliyekuwa Mashine: Somo Kutoka kwa Big Black

Chumbani kwetu hosteli tuna kikundi chenye gitaa moja na hakina mpiga ngoma. Mwaka mzima tumekuwa tukisema tutaanza tukipata mdhamini, au boom likitoka. Wanafunzi wenzangu, kama na nyie mnasubiri kitu, someni habari hii.

Mwaka 1981 Steve Albini alikuwa anasoma uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, Marekani. Alitaka bendi, akakosa wa kumpigia ngoma. Akatumia mashine ya midundo, Roland TR-606, akaiita Roland, na kwenye rekodi akaitaja kama memba wa bendi. Rekodi ya kwanza, Lungs (1982), aliifanya karibu peke yake. Baadaye wengine wakajiunga, akiwemo mpiga gitaa Santiago Durango.

Muziki wao ni roki ya kelele. Gitaa linakwaruza kama bati linalokatwa. Ukisikia mara ya kwanza utadhani spika imekufa. Sikiliza tena: kelele ile imepangwa. Roland hakulazimishwa apige kama binadamu. Aliachwa agonge kama mashine, magitaa yakamfuata. Walichokosa ndicho kilichowapa sauti yao.

Mwaka 1987, jina likiwa limeanza kuvuma, wakaacha. Durango alikuwa anakwenda kusomea sheria. Ila Albini alibaki kazini, akirekodi wengine: Surfer Rosa ya Pixies (1988), In Utero ya Nirvana (1993). Alikataa mrabaha. Alitaka alipwe kama fundi bomba: malipo ya kazi, basi. Alifariki 2024, bado akiwa fundi wa kurekodi.

Kama mwalimu mtarajiwa, siwezi kuficha upande wa pili. Maneno na utani wake wa ujana uliwaumiza watu, na mwaka 2021 alikiri hadharani kwamba alikosea. Tuige kazi, tusiige matusi.

Zoezi: andika kitu unachokosa. Chini yake andika unachoweza kufanya bila hicho, wiki hii.

Sisi tumeshafanya. Jumamosi tulipiga gitaa juu ya mdundo wa simu. Ulikuwa mbovu kweli, jirani akagonga ukuta. Jumamosi hii tunarudia.