FRIJI INAYOPASHA NYUMBA JOTO

Umewahi kugusa mgongo wa friji ya duka? Una joto. Joto hilo limetolewa kwenye soda zilizomo ndani. Basi chukulia kwamba sehemu ya baridi imewekwa nje ya nyumba na mgongo umebaki ndani: friji hiyo itachota joto la nje ilete sebuleni. Hiyo ndiyo pampu ya joto, ambayo wengi huko Ulaya wanaitumia badala ya kuchoma makaa ya mawe au mafuta.

Utauliza, joto gani la kuchota nje na huko kuna theluji? Hapa ndipo penye utamu wa somo. Ndani ya mabomba huzunguka kiowevu kinachochemka upesi mno. Amonia, kwa mfano, huchemka ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri. Kwake yeye, maji ya nyuzi 8 ni moto wa jiko! Huchemka ikawa mvuke, kisha kompresa ya umeme huushindilia mvuke huo mpaka upate moto sana (si unajua pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo?).

Mji wa Drammen, nchini Norway, hufanya hivyo kwa maji ya bahari yenye nyuzi 8 hivi. Pampu zake za amonia hupasha maji ya mabomba ya mji hadi nyuzi 90. Kwa kipimo kimoja cha umeme hupatikana karibu vipimo vitatu vya joto.

Kwa nini amonia? Gesi zilizozoeleka, ziitwazo HFC, haziharibu ozoni, lakini kilo moja ya ile ya R410A ikivuja hupasha dunia joto kama kilo 2,000 na zaidi za kaboni dayoksaidi, kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana kule Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza. Amonia ikivuja haiongezi joto la dunia. Propani nayo huongeza kidogo tu.

Ila kila moja ina tabia yake. Amonia ni sumu, kwa hivyo hukaa kwenye jengo la mitambo. Propani hushika moto, na watu wengine huiogopa kwa sababu hiyo. Mimi naona woga huo umezidi. Pampu ya nyumba moja mara nyingi hubeba kilo moja hivi au pungufu, tena husimamishwa nje, na sisi hapa tunapika kando ya mtungi wa gesi wa kilo 13.