Namba Yako Ikiinuliwa

SOMO LA JUMA: Kitale na Bungoma

Andiko: 1 Samweli 8:1-9, 9:22-24, 12:1-5 na 23

Lengo: Kujifunza jinsi ya kuachia nafasi, ama kuhama, bila kubomoa kile ambacho Mungu alijenga kupitia wewe.

Utangulizi

Wale wanaotazama mpira wanaujua ule ubao ambao mwamuzi wa nne huinua kando ya uwanja. Una namba mbili, ya anayetoka na ya anayeingia. Hauulizi ulifunga mabao mangapi mwaka jana. Namba yako ikiwaka, unatoka.

Kila mtu mwenye kazi, huduma ama cheo, siku moja namba yake itainuliwa. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mkuu, kiongozi wa kwaya, mweka hazina wa kanisa, hata mchungaji. Swali la somo hili si kama utatoka. Swali ni utatoka namna gani, na utaacha nini nyuma yako.

1. Kisa cha Manchester

Cristiano Ronaldo alizaliwa Februari 1985. Agosti 2021 alirudi Manchester United akiwa na miaka 36, na msimu huo akafunga mabao 24 katika mashindano yote. Hayo si mabao ya mzee aliyechoka. Lakini timu ilimaliza nafasi ya 6 na kukosa Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2022 akaletwa kocha mpya kutoka Ajax, Erik ten Hag, Mholanzi ambaye hana mchezo na nidhamu.

Msimu ukaanza vibaya: Brighton 2-1, halafu Brentford 4-0. Mechi ya tatu, dhidi ya Liverpool, kocha akamweka Ronaldo benchi. Hata Harry Maguire, nahodha wa timu, aliketi benchi siku hiyo. United wakashinda 2-1. Kuanzia hapo, mtu aliyezoea kuwa wa kwanza kwenye orodha akawa anasubiri kuitwa.

Tarehe 19 Oktoba 2022 United walikuwa wanaichapa Tottenham 2-0 nyumbani. Kocha akamtaka Ronaldo aingie dakika za mwisho, akakataa. Kabla ya kipenga cha mwisho akashika njia ya vyumba vya kubadilishia nguo. Mechi iliyofuata, dhidi ya Chelsea, hakuwa kikosini, na akawekwa kufanya mazoezi kando na wenzake.

Sasa sikia hapa, maana wengi wamesahau. Mlango haukufungwa. Kocha alimrudisha, na tarehe 6 Novemba, dhidi ya Aston Villa, Ronaldo alivaa utepe wa unahodha. Wiki moja baadaye mahojiano yake na Piers Morgan yakaanza kutoka kwenye televisheni. Alisema hamheshimu kocha, na kwamba klabu imemsaliti. Tarehe 22 Novemba mkataba ukavunjwa kwa makubaliano. Tarehe 30 Desemba akatangazwa mchezaji wa Al-Nassr, Saudi Arabia.

Tuwe waungwana pia. Aprili mwaka huo huo Ronaldo na mwenzake walitangaza kwamba wamempoteza mtoto wao mchanga. Mtu anaweza kuonekana mkaidi kumbe amebeba jeneza moyoni. Hatumhukumu. Tunajifunza.

Kwa jicho la biashara, angalia hesabu yake. Klabu haikupata hata senti moja ya ada ya uhamisho. Mchezaji aliondoka kwenye uwanja uliomlea bila kuagwa na mashabiki. Pande zote mbili zilipata hasara ambayo mazungumzo ya faragha yangeweza kuipunguza.

Na kubadilisha kocha hakukumaliza tatizo. Tarehe 6 Desemba, kule Qatar, kocha wa Ureno Fernando Santos naye alimweka benchi dhidi ya Uswisi. Kijana aliyechukua nafasi yake, Gonçalo Ramos, alifunga mabao matatu, na Ureno ikashinda 6-1. Mara nyingi tunasema, "Tatizo ni huyu bosi." Tunahama Kitale tunaenda Bungoma, tunahama Bungoma tunaenda Eldoret, na kila tunapofika tunamkuta bosi yule yule amevaa shati lingine. Wakati mwingine anayenyanyua ubao si kocha. Ni umri, ni majira.

2. Samweli alifanyaje?

Fungua 1 Samweli 8. Samweli alikuwa mwamuzi wa Israeli tangu ujana wake. Siku moja wazee wakamjia Rama na kumwambia kwa ufupi: umezeeka, tupe mfalme. Hakuna kamati ya shukrani, hakuna keki. Namba imeinuliwa. Tazama mambo manne aliyofanya.

Kwanza, alipeleka uchungu mahali sahihi. Biblia haifichi kwamba jambo hilo lilimuuma. Kuumia si dhambi, mpendwa. Lakini mstari wa 6 unaonyesha aliomba kabla ya kujibu. Hakuenda langoni mwa mji kusimulia. Siku hizi lango la mji ni kikundi cha WhatsApp. Umeondolewa kwenye kipaza sauti Jumapili, kufika Jumatatu saa mbili asubuhi kanisa zima limesikia sauti yako, dakika nne na sekunde thelathini. Ukishabonyeza kutuma, hata ukifuta, kuna mtu ameshasikiliza. Kama una neno na kiongozi, Mathayo 18:15 imetupa utaratibu: wewe na yeye peke yenu kwanza.

Pili, alikubali kwamba ndani ya lawama kulikuwa na ukweli. Wale wazee hawakuwa wamesema uongo. Samweli alikuwa mzee kweli, na wanawe Yoeli na Abiya walikuwa wakila rushwa. Katika sura ya 12 yeye mwenyewe anakiri mbele ya watu kwamba ana mvi. Katika uhasibu tunalo jambo linaloitwa uchakavu. Ukinunua mashine ya kusaga posho leo, kila mwaka unapunguza kiasi fulani cha thamani yake vitabuni. Hiyo si kuitukana mashine. Bado inasaga. Ni kusema ukweli ili siku ya kununua nyingine isikukute huna akiba. Mtu asiyekubali uchakavu wake hawezi kumlea anayekuja. Anamwona kila kijana kuwa mwizi.

Samweli alimwona Sauli kuwa mgeni wa heshima. Soma 9:22-24. Alimketisha mahali pa juu mezani na kumwekea kipande cha nyama kilichotengwa kwa ajili yake. Mzee anampa kijana paja! Sisi huku kwetu tunajua kipande gani cha kuku kinapewa nani, na maana yake ni nini. Mama ambaye umeongoza kwaya miaka ishirini, siku ile binti anapopewa nafasi yako, wewe ndiwe unayeweza kumpa kile kipande. Ukimshika mkono mbele ya kanisa, hakuna atakayemdharau. Ukinuna, hata akiimba kama malaika, nusu ya kwaya haitamfuata.

Tatu, alitoa hesabu. Sura ya 12:1-5 ni ukaguzi wa hadharani. Samweli anasimama na kuuliza: ni ng'ombe wa nani nilimchukua? Ni punda wa nani? Nani nilimdhulumu? Watu wakajibu, hakuna. Huo ndio usafi wa kuondoka. Wengi wetu tunaondoka na funguo za ofisi mfukoni, na kitabu cha risiti nyumbani, na laini ya simu ya idara bado ina jina letu.

Nne, hakuacha kuwaombea. Katika 12:23 anasema kwamba kuacha kuwaombea kungekuwa kumtenda Mungu dhambi, na kwamba ataendelea kuwafundisha. Aliondoka kwenye kiti, hakuondoka kwenye magoti.

3. Kuhama si dhambi

Mtu asichukue somo hili akasema mchungaji amekataza watu kutoka. La. Ronaldo alipofika Saudi Arabia hakuzikwa. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 35 ya ligi, rekodi kule. Juni 2025, akiwa na miaka 40, alifunga katika fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya dhidi ya Uhispania, na Ureno ikatwaa kombe kwa penalti. Miguu ilikuwa bado ina kazi. Ilihitaji uwanja mwingine.

Na tunaye wa kwetu. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa nguzo pale Tottenham msimu wa 2016/17. Baadaye goti likamsumbua, wenzake wakachukua nafasi, na chini ya José Mourinho, kocha mwingine asiyebembeleza mtu, akawa hapati nafasi. Machi 2020 akahamia Montreal, Kanada, akacheza huko hadi mwisho wa 2024, na katika miaka hiyo timu ikachukua ubingwa wa kombe la Kanada mwaka 2021. Halafu mwaka 2025 akaitwa Dunfermline ya Scotland. Aliyemwita ni nani? Neil Lennon, kocha wake wa zamani wa Celtic, ambako alitua mwaka 2011. Miaka mingi imepita, mchezaji ana miaka 33, na simu inatoka kwa bosi wa zamani. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hata Paulo, aliyekataa kwenda safari na Marko katika Matendo 15, alikuja kumwita tena katika 2 Timotheo 4:11.

Kwa hiyo ukihitaji kuhama, hama vizuri. Chukua mfano wa kijana anayeuza katika duka la pembejeo pale Kitale. Bosi ni mkali, na sasa ameletwa mtu mwingine wa kusimamia mauzo. Asiondoke tu msimu wa mbegu, foleni ya wakulima ikiwa nje. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Aandike. Ahesabu mbegu na mbolea stoo pamoja na anayebaki. Akabidhi funguo na simu ya M-Pesa. Aombe barua. Na akifika kwa mwajiri mpya asianze kwa kusimulia ya kule, kwa sababu mwajiri mwenye akili atajiuliza, "Na mimi atanisema wapi?"

Lakini ukali ni jambo moja na uonevu ni jambo lingine. Kama hulipwi, kama unaguswa isivyofaa, kama unaambiwa uandike risiti za uongo, kunyamaza si utakatifu. Nenda kwa afisa wa leba, nenda kwa wazee wa kanisa, sema. Daudi alimkimbia Sauli aliyemrushia mkuki. Hakuketi pale kuthibitisha kwamba ni mtiifu. Alikimbia, lakini hakumrudishia mkuki.

4. Neno kwa makocha

Sisi tunaoinua ubao tusisherehekee mapema. Ten Hag alishinda vita ile, akachukua Kombe la Ligi Februari 2023 na Kombe la FA Mei 2024. Tarehe 28 Oktoba 2024 naye akafutwa kazi. Ubao una namba ya kocha pia.

1 Petro 5:2-3 inakataza viongozi kulitawala kundi kwa mabavu. Na 1 Wafalme 12 inatuonyesha Rehoboamu, kijana aliyedharau shauri la wazee na kufuata la vijana wenzake, akapoteza makabila kumi kwa hotuba moja. Mimi mwenyewe ni kijana, na ninaandika nikijua wazazi wetu watasoma. Nidhamu bila heshima inafukuza hazina. Kabla hujambadilisha mzee aliyekuwa akifungua kanisa hili wakati lilikuwa la mabati na vumbi, nenda nyumbani kwake. Kunywa chai yake. Mwambie sababu uso kwa uso, asiisikie kwenye matangazo. Mpe kazi nyingine yenye maana, si cheo cha kumpoza. Na siku ya kumkabidhi, kanisa lisimame limshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hitimisho

Makanisa mengi Trans Nzoia na Bungoma hayakugawanyika kwa sababu ya mafundisho. Yaligawanyika kwa sababu mtu aliyetumika vizuri miaka kumi na tano alitoka vibaya siku moja, ama aliondolewa vibaya, akachukua familia nane na kinanda. Watoto waliokuwa wakisoma Shule ya Jumapili pamoja sasa wanapishana barabarani bila salamu. Hiyo ndiyo gharama, na haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Mpendwa, ukiona namba yako imeinuliwa, toka ukimpigia makofi anayeingia. Jezi ni ya timu. Jina lako Mungu analo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nafasi gani unayoishikilia leo? Ni nani unayemwandaa kuichukua?
2. Ungeambiwa utoe hesabu kama Samweli Jumapili hii, ni kitu gani kingekupa shida?
3. Kuna mahali ulitoka vibaya? Ni nani wa kupigiwa simu wiki hii?
4. Viongozi: ni mzee gani tulimbadilisha bila kumwendea nyumbani? Tutaenda lini?

Maombi ya wiki: Ombea kwa jina mtu aliyechukua nafasi yako, na mtu ambaye wewe ulichukua nafasi yake.