Pumzi Zihesabiwe Dakika Nzima: Vipimo vya Kwanza Anavyojifunza Muuguzi

Kila mgonjwa anayefika zahanati, kituo cha afya au hospitali hupitia meza moja kabla ya kuonana na afisa wa kliniki au daktari. Hapo hupimwa joto, mapigo ya moyo, pumzi, presha na, siku hizi, kiwango cha oksijeni. Mara nyingi anayepima ni mwanafunzi wa uuguzi aliye katika mazoezi, akisimamiwa na muuguzi mwenye uzoefu. Wakazi wengi huichukulia meza hiyo kama foleni nyingine tu. Kumbe hapo ndipo inapoamuliwa nani aingie sasa hivi na nani anaweza kusubiri. Nambari ikikosewa, mgonjwa mahututi huachwa kwenye benchi pamoja na mwenye mafua.

Vipimo hivi huitwa ishara muhimu za uhai. Hakuna hata kimoja kilicho kigumu. Ugumu uko katika kukifanya vizuri kila mara, hata foleni ikiwa imefika langoni. Mkazi anayejua jinsi kipimo kinavyopaswa kuchukuliwa anaweza kumsaidia anayempima, na anaweza kuuliza kwa heshima pale kitu kinaporukwa.

Kabla ya kushika kifaa

Somo la kwanza halihitaji mashine. Mwanafunzi hufundishwa kunawa mikono, kujitambulisha, kuomba ruhusa, kisha kumtazama mgonjwa. Je, yuko macho na anazungumza? Kama hayuko macho, je, anaitikia akiitwa? Asipoitikia sauti, je, anashtuka akifinywa? Au haitikii kabisa? Ngazi hizo nne huandikwa kwenye fomu, na mgonjwa akishuka ngazi moja tu muuguzi huita msaada bila kungoja kumaliza vipimo vingine.

Jicho lililozoea huona mengi kwa nusu dakika: midomo iliyobadilika rangi kuelekea bluu, kiganja cha mtoto kilichopauka kwa upungufu wa damu, macho yaliyozama kwa kuharisha, mtu anayeshindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Mgonjwa wa namna hiyo hapangi foleni.

Kipimo kinachorukwa kuliko vyote

Kati ya ishara zote, kasi ya kupumua ndiyo inayopuuzwa zaidi. Haina mashine inayolia wala kioo kinachoonyesha nambari. Inahitaji saa, jicho na dakika moja kamili. Kosa linalojulikana katika wodi za nchi nyingi ni muuguzi aliyechoka kuandika 18 au 20 kwa kila mgonjwa, wote sawasawa, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa mpigo mmoja. Msimamizi makini akiona safu ya namna hiyo kwenye fomu hajisumbui kuuliza. Huchukua saa na kuanza kuhesabu mwenyewe.

Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Watoto hupumua haraka zaidi, na kwao kuna mipaka inayotumiwa na wahudumu wa afya kote nchini. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, mpaka ni 40.

Chukua mfano wa mtoto wa miezi minane aliyekohoa siku tatu. Kipimajoto kinasoma 37.2, hana homa. Hajalia, hasumbui mtu, amejilaza begani kwa mama yake. Anayepima akiishia hapo, mtoto huyo atarudi nyumbani na ushauri wa kunywa maji ya uvuguvugu. Lakini fulana ikiinuliwa na tumbo likitazamwa kwa dakika nzima, hesabu inafika 58. Huyo ana dalili ya homa ya mapafu na anahitaji amoksilini, dawa ambayo hutolewa kwa vidonge vinavyoyeyushwa majini, na anaihitaji leo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, hali ni nzito zaidi. Na ikiwa hawezi kunyonya au amelegea, anahitaji kulazwa.

Kuhesabu kuna namna yake. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, kwa sababu vyote viwili hubadilisha pumzi. Mama ndiye anayefaa kumpakata na kumfunua nguo polepole. Kifua au tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne hakufai kwa mtoto mchanga, kwani hupumua haraka kwa muda, kisha hutulia, kisha huanza tena. Mtoto akianza kulia katikati, hesabu huachwa na kuanzwa upya. Ndiyo maana wauguzi wengi huhesabu pumzi kwanza, kabla ya kumgusa mtoto kwa kipimajoto.

Kwa mtu mzima kuna ujanja mdogo. Akiambiwa "nahesabu pumzi zako," hubadilisha mwendo wake bila kujua. Kwa hiyo muuguzi humshika mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo ya moyo, huku macho yake yako kifuani.

Joto na mapigo

Joto la kawaida likipimwa kwapani huwa kati ya 36.5 na 37.4, na kuanzia 37.5 huhesabiwa kuwa homa. Kwapa lipanguswe jasho kwanza, na mkono ubanwe ubavuni hadi kipimajoto kilie. Kiganja cha mama kwenye paji la uso kinatambua mengi, ila hakitoshi kuamua dawa. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni ya kawaida, homa ni sababu ya kupima damu kabla ya kumeza dawa yoyote. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba baridi nayo ni ugonjwa: mtoto mchanga mwenye joto chini ya 35.5 yuko hatarini sawa na mwenye homa. Wazee nao wanaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda kabisa.

Mapigo ya moyo huhesabiwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa ncha za vidole viwili au vitatu. Gumba halitumiki kupimia kwa sababu lina mpigo wake mwenyewe, na mwanafunzi anaweza kujikuta anahesabu moyo wake. Kiwango cha mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika. Mwanariadha anayefanya mazoezi Iten anaweza kuwa chini ya 60 na akawa mzima kabisa, jambo linaloonyesha kwamba nambari husomwa pamoja na mtu mwenyewe. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, huhesabiwa dakika nzima.

Presha: mkono, kiti na kimya

Mashine ya presha inaaminiwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa nambari zake hubadilika kwa mambo madogo. Mkono ukining'inia, presha husoma juu. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kuliko mkono, presha husoma juu. Mtu akizungumza, akikunja mguu mmoja juu ya mwingine, akiwa na haja ndogo au ametoka kupanda ngazi, presha husoma juu. Mtu mmoja anaweza kuondoka na jina la ugonjwa asiokuwa nao, na mwingine akaambiwa "ni haraka tu ya kutembea" ilhali anaumwa kweli.

Namna sahihi ni hii. Mtu aketi dakika tano akiwa ameegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono ukiwa juu ya meza sawa na usawa wa moyo, na kitambaa kifungwe kwenye ngozi wala si juu ya mkono wa shati. Kahawa na sigara viepukwe nusu saa kabla. Wakati wa kupima, kimya. Kisha kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili.

Nambari ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu yake moyo unapolegea. Chini ya 120/80 ni kawaida. Ikifika 140/90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku tofauti, ndipo mtu huambiwa ana presha ya juu. Wengi hawasikii chochote, wala kichwa hakiwaumi. Ndiyo maana kungoja dalili ndipo upime ni kuchelewa.

Kwa mama mjamzito, hesabu ni nyingine. Presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20 haipewi miadi ya mwezi ujao. Mkojo hupimwa protini siku hiyo hiyo. Ikifika 160/110, au akiwa na maumivu makali ya kichwa, ukungu machoni, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni dharura, kwa kuwa kinachofuata kinaweza kuwa kifafa cha mimba. Ipo sindano ya kukizuia, magnesiamu salfeti, lakini humfaa aliyepimwa mapema.

Kidole, mwanga na hina

Kifaa kidogo kinachobana kidole kilijulikana na wengi wakati wa Korona. Hupitisha mwanga kidoleni na kukadiria oksijeni iliyo katika damu. Kwa kawaida husoma 95 au zaidi, ingawa wanaoishi nyanda za juu sana huweza kusoma chini kidogo. Mtoto aliye chini ya 90 anahitaji oksijeni. Kidole baridi, rangi ya kucha au piko iliyokolea vinaweza kuzuia mwanga na kuharibu kipimo, hivyo bi harusi aliyepakwa piko apimwe kidole ambacho hakijapakwa au kwenye ndewe ya sikio. Tena, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Mgonjwa anayehema kwa shida hapaswi kurudishwa nyumbani eti kwa sababu kidole kimesema 95.

Nambari moja na safu ya nambari

Mama amejifungua salama saa nne usiku. Mapigo yake ni 84, presha 118/76. Robo saa baadaye mapigo ni 98, presha 116/74. Robo saa nyingine, mapigo 116, presha 110/70. Ukiitazama presha peke yake, hakuna cha kutisha. Lakini mapigo yanapanda mfululizo, na mwili wa mtu mwenye afya hufanya hivyo kufidia damu inayopotea. Presha ikianza kuporomoka, damu nyingi imeshatoka. Hii ndiyo sababu mama aliyejifungua huamshwa na kupimwa tena na tena hata akitamani kulala. Ndugu walio kando ya kitanda wasimwone muuguzi kuwa msumbufu. Wamkumbushe asipopita.

Damu yenyewe nayo hupimwa. Kukadiria kwa macho shuka lililolowa hudanganya, mara nyingi kwa kuona kidogo kuliko kilichotoka. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, pamoja na matibabu yanayotolewa yote kwa mkupuo mara damu inapozidi. Visa vya kutokwa na damu nyingi kupindukia, upasuaji wa kuizuia au kifo kutokana nayo vilipungua kwa asilimia 60.

Baada ya vipimo hivi mwanafunzi hujifunza kuukagua mwili: kutazama, kugusa, kugonga kwa kidole na kusikiliza. Kugonga kifua ni kama kugonga pipa kujua maji yamefika wapi, kwani pafu lenye hewa hulia tofauti na lililojaa majimaji. Kwenye tumbo mpangilio hubadilika na kusikiliza hutangulia kugusa, kwa sababu kubonyeza hubadilisha sauti za utumbo. Stetoskopu ya kwanza, ya Laennec huko Paris mwaka 1816, ilikuwa karatasi iliyoviringishwa tu.

Vipimo nyumbani

Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa mikoba ya vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini. Ndani yake mna mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Utepe huo hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na rangi nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Mhamasishaji anapopita, inafaa awe na mahali pa kuketi na mgonjwa awe ametulia kabla hajafika. Nambari iandikwe pamoja na tarehe na saa, kwenye kitabu cha kliniki au daftari la kawaida, na ibebwe siku ya kwenda zahanati. Afisa wa kliniki hupata mengi zaidi kwenye vipimo vitano vya mwezi mzima kuliko kile kimoja alichokipima asubuhi hiyo.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zipo dalili zisizongoja mashine wala mhamasishaji: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, au kifua kinabonyea ndani anapopumua. Huyo hupelekwa kituo cha afya mara moja, hata iwe usiku.