Tujifunze neno moja: FOB, na «free» yenye si bure



Katika somo hili tunachukua neno moja la Kiingereza lenye linaonekana karibu kwenye kila mkataba wa kahawa na wa kakao: FOB. Wengi tunalisikia kwenye mikutano Butembo na Beni, tunaitika kwa kichwa, kisha tunarudi nyumbani bila kujua limesema nini. Lakini neno hili ndilo linaamua nani analipa kamyo, nani analipa duane, na nani analia mzigo ukipotea njiani.

Matamshi na maana

Linasomwa «ef-o-bi». Ni herufi za mwanzo za maneno matatu: Free On Board. Wenye kusoma Kifaransa wanalijua kama «franco à bord».

Hapa kwenye «free» ndipo watu wanateleza. Shuleni tulifundishwa kwamba «free» ni bure, tena ni huru. Ndiyo maana mtu anauliza: «Kama ni free, juu ya nini wanatukata makuta ya njia?» Jibu ni kwamba «free» iko na maana ya tatu: bila mzigo fulani. Kinywaji kilichoandikwa «sugar-free» hakina sukari, lakini kinalipwa. Duka la «duty-free» linauza bila ushuru, lakini haligawi vitu. Basi kwenye FOB, mwenye kuwa huru ni mnunuzi. Yeye hana mzigo wa gharama mpaka kahawa ifike mahali palipotajwa. Mzigo huo wote uko juu ya muuzaji.

«Board» ni ubao. Lakini kwa meli, «on board» ni kuwa ndani ya meli.

Tukiunganisha: FOB ni bei ya kahawa ikiwa imekwisha kupakiwa melini, gharama zote za kabla ya hapo zikiwa za muuzaji.

Neno haliendi peke yake

FOB inafuatwa siku zote na jina la bandari. «FOB Mombasa» ni neno kamili. «FOB» peke yake ni nusu ya neno. Sheria za maneno haya zinaitwa Incoterms. Zinatolewa na Chumba cha Biashara cha Kimataifa, chenye makao Paris, tangu 1936. Zenye kutumika sasa ni za 2020.

Sasa tutazame ramani. Kahawa yetu inatoka Butembo, inapita Beni, inavuka mpaka Kasindi, inaingia Uganda kwa Mpondwe, inafika Kampala, kisha inavuka Kenya. Kutoka Kampala peke yake hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1100. Njia hiyo yote iko ndani ya herufi tatu.

Hesabu

Mwezi wa Agosti 2023, Fairtrade iliweka bei ya chini ya arabika iliyooshwa kuwa dola 1,80 kwa pauni moja, FOB. Pauni ni kilo 0,4536. Ukigawanya, unapata karibu dola 4 kwa kilo ya kahawa iliyokobolewa. Mtu akisikia dola 4 kwenye redio, kisha akalipwa chini ya nusu dola kwa kilo ya kahawa nyekundu aliyochuma shambani, anasema kamati imekula. Tuhesabu kwanza.

Tuseme gharama za kukoboa, magunia, kamyo, karatasi za ONAPAC na OCC, duane, bandari na faida ya benki ni dola 1 kwa kilo. Hii ni namba ya mfano tu. Mtaweka ya kwenu.

1. Dola 4 toa 1, zinabaki dola 3 kwa kilo iliyokobolewa.
2. Kilo 100 za parche zinatoa karibu kilo 80 zilizokobolewa. 80 mara 3 ni dola 240. Basi kilo ya parche ni dola 2,40.
3. Kilo 1 ya parche inaomba karibu kilo 5 za kahawa nyekundu. 2,40 gawanya kwa 5 ni dola 0,48.

Kwa hiyo dola 4 na dola 0,48 zinaweza kuwa bei moja, moja ikisemwa Mombasa, nyingine shambani. Hapo hakuna wizi. Lakini pia hesabu hii haiifichi kamati: ile dola 1 ya gharama lazima ionyeshwe, karatasi kwa karatasi, mbele ya mkutano. Mwanamemba mwenye kujua FOB haulizi «mbona mumetuibia?» Anauliza: «Gharama kati ya hapa na meli ni ngapi, na risiti ziko wapi?» Swali hilo ni gumu kukwepa.

Nani analia mzigo ukipotea?

Jambo hili linapita bei. Chini ya FOB, hatari inahama kwa mnunuzi wakati kahawa iko ndani ya meli, si mbele. Kamyo ikichomwa kwenye barabara ya Beni-Kasindi, ikianguka Uganda, au magunia yakilowa bandarini, hasara ni ya koperative. Sisi wote tunajua njia hiyo. Basi kabla ya kutia sahihi, muulize kuhusu asuransi: iko, inaanza wapi, inafika wapi?

Ndugu wa FOB

EXW: mnunuzi anachukua mzigo mlangoni mwa depo yenu, na njia yote ni yake.
FCA: mnapeana mzigo kwa msafirishaji wa mnunuzi mahali palipotajwa, mfano «FCA Kasindi». Duane ya kutoka Congo ni juu yenu. Baada ya hapo hatari si yenu.
CIF: muuzaji analipa pia meli na asuransi mpaka bandari ya mbali, mfano Antwerp.

Bei ya EXW itakuwa chini kuliko ya FOB, na hilo ni haki. Musilinganishe wanunuzi wawili kabla ya kuona kila mmoja ametumia neno gani.

Zoezi

Msome kwa sauti mkutanoni, kisha mjibu:

a) Mnunuzi ameandika «FOB Butembo». Kosa liko wapi?
b) Mnunuzi wa kwanza anatoa dola 4 FOB Mombasa, wa pili dola 3,20 EXW Butembo. Gharama zenu mpaka melini ni dola 1. Nani analipa vizuri?

Majibu: a) Butembo haina bandari ya meli; aandike FCA au EXW. b) Wa pili: wa kwanza anawaachia dola 3 tu, pamoja na hatari ya njia.

Mkataba ukifika, mutafute herufi hizi tatu na jina la mahali lenye kuzifuata, mbele ya kutazama bei. Kazi njema, na mavuno mema.