Kupima Maendeleo ya Kihisia na Kijamii ya Mtoto

Huko Ngombezi, Korogwe, penye mashamba ya mkonge, mtoto aliyefunzwa adabu humwamkia mzee huku ameinamisha macho. Katika vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani, kutomtazama mtu usoni huhesabiwa miongoni mwa dalili za usonji. Je, mwalimu atapimaje bila kumdhulumu mtoto?

Kwanza, asitegemee shahidi mmoja. Mwaka 1997 Robert Goodman wa Uingereza alitoa hojaji yenye kauli 25 katika mafungu matano: hisia, mwenendo, kutotulia, uhusiano na wenzake, na wema kwa watu. Kila kauli hupewa alama 0, 1 au 2. Mzazi hujaza yake na mwalimu yake. Majibu yakihitilafiana, yaulizwe sababu: huenda mtoto ana hofu ya shule tu.

Pili, mtoto atazamwe akicheza na rika lake. Je, hungoja zamu? Humwonyesha mwenziwe kitu kilichomfurahisha? Hugeuka aitwapo? Akichangamka mchezoni, macho yaliyoinama mbele ya mzee ni adabu, si dalili.

Tatu, asiyefanya hayo hata nyumbani apimwe kwanza masikio, kwani asiyesikia hawezi kugeuka aitwapo. Kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Tukumbuke kwamba hojaji haitaji ugonjwa. Huonyesha tu nani anastahili kuchunguzwa zaidi. Mwalimu asimbandike mtoto jina ambalo kipimo chenyewe hakikulitoa.