Msikiti Mkuu wa Kilwa na Hukumu ya Msikiti Uliobomoka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ama baada ya hayo: jueni, ndugu Waislamu, ya kwamba nyumba haiwi msikiti kwa kuba wala kwa mnara, bali kwa kuwekwa wakfu kwa ajili ya Mola. Na mifano yake ni miwili.

Wa kwanza uko Istanbul. Msikiti wa Sultani Suleiman ulikamilishwa na mjenzi Sinan mwaka 1557. Kuba lake kuu limebebwa na nguzo nne kubwa, na kando yake zikajengwa madrasa, hospitali na jiko la kulishia maskini. Yote hayo yaliendeshwa kwa pato la mawakfu.

Wa pili uko Kilwa Kisiwani. Upande wake wa kaskazini ndio wa kale. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliuongeza upande wa kusini. Huyo ndiye aliyezuriwa na Ibn Battuta mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu, na akaandika kuwa watu wa Kilwa ni Mashafii. Baadaye nyongeza ile ikaanguka. Nao hawakuiacha, bali katika karne ya 15 wakaijenga upya kwa matumbawe na chokaa, wakaiezeka kwa makuba. Mwaka 1505 Wareno wakauteka mji, na biashara yake ikadhoofika. Leo msikiti ule ni magofu.

Mas-ala: Msikiti ukibomoka, na watu wakashindwa kuujenga, je, yafaa kuuza kiwanja chake?

Jawabu: Haifai. Imamu Nawawi amebainisha katika Minhaj kuwa hauuzwi kwa hali yoyote. Sababu ni kuwa milki yake imekwisha kutoka mikononi mwa wanadamu, na kusali juu ya ardhi ile kungaliko.

Basi na wazingatie hukumu hii watu wa Dar es Salaam, khasa wa Kariakoo na Kitumbini, ambako kiwanja kidogo huleta mali nyingi, na tamaa hufuata mali. Wakfu usioandikwa, mashahidi wake wakifa, hudaiwa na warithi. Kwa hivyo ni juu ya wenye misikiti kuandika wakfu mbele ya mashahidi, kumweka msimamizi mwaminifu mwenye kutoa hesabu, na kuanza kutumia kodi za nyumba za wakfu katika kutengeneza palipoharibika kabla ya matumizi mengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuamirisha misikiti yake. Amin.